Shajara ya mradi: kumpunguzia abiria wa nyuma mtikisiko

Februari. Gari na lengo

Gari ni saluni ya Kijapani ya ami yangu, na imepita barabara hizi miaka mingi. Asubuhi inabeba wazee kuwapeleka kliniki: inawachukua Mtwapa, Bamburi na Kisauni, inavuka Daraja la Nyali hadi Makadara, na mchana inawarudisha. Wengi wao wana mgongo au nyonga, wengine ndio wametoka kuoshwa damu na mwili hauna nguvu. Lalamiko ni moja: nyuma kunatikisa. Dereva haelewi wanasema nini, kwa kuwa yeye yuko karibu na katikati ya gari, ameshika usukani, na tuta ameliona mapema akajikaza. Aliye nyuma amekaa karibu juu ya gurudumu, na habari ya tuta anaipata tutani.

Lengo nimeliandika kwenye kipande cha boksi na kukibandika ukutani pale gerejini: kupunguza mtikisiko unaomfikia abiria wa kiti cha nyuma, kwa kubadilisha ugumu wa shoki gari likiwa linaenda, bila kubadilisha springi na bila kulifanya gari kuwa hatari kwenye breki. Kukata kona kwa kasi hakumo.

Ami ndiye fundi. Mimi ni mtu wa waya na programu. Mpwa wangu, anayesomea uhandisi wa mitambo hapa Tudor, huja Jumamosi, na hesabu nyingi zilizomo humu zimepita mikononi mwake.

Tulianza kwa kubishana. Ami anataka shoki mpya, ngumu. "Shoki ngumu ndiyo shoki, mwanangu. Gari halichezi, na mteja ajua kuna fundi." Nikamwomba anipe wiki moja nipige hesabu.

Februari. Robo gari

Njia iliyozoeleka ni kulikata gari robo kichwani: sehemu ya bodi inayobebwa na gurudumu moja, springi na shoki chini yake, kisha gurudumu na vinavyoning'inia nalo, halafu tairi, ambalo nalo ni springi kivyake. Kwa gari letu nimechukua kilo 300 za bodi, kilo 35 za gurudumu, springi ya N/m 20,000 na tairi la N/m 180,000. Ukiiachia bodi hiyo yumbe, itapanda na kushuka mara 1.3 kwa sekunde. Gurudumu, likiwa limebanwa kati ya springi na tairi, hurukaruka mara 12 kwa sekunde. Katikati ya hizo mbili ndipo alipo binadamu. ISO 2631-1 ya mwaka 1997, kiwango cha kimataifa cha kupima mtetemo unaompata binadamu, kinaupa uzito mkubwa zaidi mtetemo wa wima ulio kati ya Hz 4 na Hz 8 (Hz ni mara kwa sekunde), maana hapo ndipo mwili uliokaa unapouhisi vibaya kuliko kwingine.

Sasa shoki. Shoki ngumu huituliza bodi kwenye zile 1.3, na hilo ndilo Ami analoliona kwa macho: gari likishuka tuta hutua mara moja, halipigi mawimbi. Lakini katika modeli rahisi, ukivuka Hz 1.84, yaani 1.3 mara mzizi wa 2, mambo hugeuka. Juu ya hapo, kila unachoongeza kwenye ugumu kinapandisha mtikisiko zaidi juu, kwa sababu shoki inakuwa inamfunga gurudumu na bodi waende pamoja. Shoki inayomfurahisha fundi tutani ndiyo inayomsaga bibi kwenye kabro, barabara ya matofali. Shoki ya kawaida haiwezi kuwa ngumu chini ya 1.84 na laini juu yake. Mafuta yanapita tundu lilelile. Mradi wote umetokana na hapo.

Kwa namba: ili bodi hiyo irudi mahali pake bila kuyumba hata mara moja, ungehitaji ugumu wa karibu Ns/m 4,900. Asilimia 30 ya hapo, panapokaa shoki nyingi za magari ya watu, ni kama 1,470. Sisi tunatafuta inayoweza kushuka hadi 600 na kupanda hadi 2,500 kwa amri.

Nilimwonyesha Ami mchoro. Aliutazama, akauliza 600 maana yake nini. Nikamwambia ni shoki iliyokufa nusu. Akacheka, akasema hizo anazo nyingi, anaweza kuniuzia.

Machi. Vipimo kabla ya kugusa kitu

Kipimo lazima kiwe pale makalio yanapokutana na kiti. Sakafu haikai mtu. Maabara hutumia sahani ya mpira yenye kihisi katikati. Mimi nilichukua soli ya ndara ya mguu mkubwa, nikachimba shimo katikati, nikazamisha kihisi cha mtikisiko, MPU6050, ndani na kuifunika kwa silikoni ile ya kuzibia vioo. Abiria anaikalia na haimsumbui. Kihisi kingine nimekifunga kwa skrubu sakafuni chini ya kiti hichohicho, na vingine kila pembe ya gari, kimoja kwenye bodi na kimoja kwenye gurudumu. Vyote vinasoma mara 500 kwa sekunde.

Njia ya majaribio: Kongowea, Daraja la Nyali, Buxton, kisha mitaa ya kabro kisiwani, na kurudi. Humo mna kila kitu: maungio ya daraja, matuta ya lami, mashimo, mifuniko ya mitaro iliyozama.

Kabro ndiyo iliyotufundisha zaidi. Tofali lenyewe lina sentimita 20 kwa 10. Kwa kilomita 30 kwa saa unakanyaga zaidi ya matofali 40 kila sekunde, na hizo tairi huzimeza, zikabaki kelele tu. Taabu ni kabro iliyolala juu ya mchanga uliohama. Inatengeneza mabonde madogo, moja kila mita moja au mbili, ambayo kwa macho huyaoni mpaka mvua inyeshe maji yatuame. Kwa kasi hiyohiyo, mabonde ya kila mita 2 yanapiga mara 4 kwa sekunde, na ya kila mita 1 yanapiga mara 8. Yaani kuanzia mwanzo wa ukanda ule wa ISO hadi mwisho wake. Dereva akipunguza hadi kilomita 15 anadhani anawahurumia wazee. Kwenye mabonde ya mita 1 amewatoa Hz 8 akawaleta Hz 4, na bado wamo ndani ya ukanda.

Kitini, baada ya kuchuja kwa mizani ya ISO, kabro ilitupa mchapuko wa wastani wa 1.1 m/s². Jedwali la kiwango hicho linaita "hakuna raha" kuanzia 0.8, na chini ya 0.315 ndipo linapokubali kwamba mtu hasumbuki. Barabara ya Dongo Kundu, lami ikiwa safi, ilitoa kama 0.4.

Kuna jambo jingine kwenye grafu. Karibu na Hz 4, kiti kinatikisika kuliko sakafu iliyo chini yake. Sponji nayo ni springi, na ya kwetu imekaliwa mpaka imekata tamaa. Nimeliandika kando, shoki kwanza.

Machi. Shoki

Hakuna haja ya kuagiza Ulaya. Toyota walianza kuuza shoki za kubadilishwa ugumu kwa umeme mwaka 1983, kwenye Soarer, mfumo wakauita TEMS, na baada ya hapo Wajapani waliziweka kwenye magari mengi ya bei. Magari hayo yanateremka bandarini kwetu yakiwa yametumika, yanagongwa, yanaishia kwa wauza spea kuukuu. Na huko mota zile hazina mnunuzi. Zikianza kusumbua, watu hufunga shoki za kawaida na kuuacha waya ukining'inia ndani ya boneti.

Nilinunua seti. Juu ya kila shoki kuna mota ndogo inayozungusha kijiti kilichopita katikati ya fimbo. Kijiti kikizunguka, tundu la mafuta linapanuka au linasinyaa, hatua kwa hatua. Hakuna umeme unaoingia ndani ya mafuta, na ndiyo maana shoki yenye umri huo bado inafaa.

Ami alizipindua moja moja, akazivuta, akazisukuma, akapitisha kidole kwenye sili na kukinusa. Moja akaisukuma pembeni kwa mguu. "Hii yavuja. Kompyuta yako haitazuia mafuta kutoka." Ikatafutwa nyingine.

Vikombe vya juu havikulingana na bodi yetu. Ami alikata sahani za chuma na kuzitoboa upya kwa mkono. Kazi hiyo ni yake na sitaieleza vibaya hapa.

Machi. Benchini

Kabla ya kufunga tulitaka kujua kila hatua ya mota ina ugumu gani. Tuliitundika shoki kwenye fremu, tukaning'iniza uzito wa kilo 25 na kupima inafunguka kwa kasi gani. Kilo 25 ni nguvu ya karibu N 245; ukigawanya kwa kasi umepata ugumu. Ikishuka mita 0.1 kwa sekunde, hiyo ni 2,450. Ni njia ya kifukara na haisemi kitu kuhusu kubanwa, lakini ilitosha kutuonyesha kwamba tuna kati ya 650 na 2,400 hivi, karibu na tulichokitaka.

Kilichokuwa muhimu zaidi ni ucheleweshaji. Kutoka amri mpaka kijiti kifike mwisho ni milisekunde 60. Bodi inamaliza mzunguko wake mmoja kwa milisekunde 770, kwa hiyo 60 inavumilika. Gurudumu linamaliza wake kwa 83. Amri ikifika, gurudumu limekaribia kumaliza kwenda na kurudi. Tukaamua hapohapo: mfumo huu utaongoza bodi, gurudumu tutaliachia ugumu wa chini unaolinda tairi, na hatutajaribu kulifukuza.

Aprili. Waya

Mvua ya mwaka imeanza na kila kiungio kilicho chini ya madigadi kimefanya kijani. Chumvi ya Mombasa haingoji. Viungio vyote vimekatwa, vimechomewa risasi, vikavalishwa mpira wa kunywea kwa moto wenye gundi ndani. Vihisi vya magurudumu vilikuwa vimeunganishwa moja kwa moja kwa I2C, njia ya data ya masafa mafupi, waya mrefu kupita kiasi, data inakatika kila injini ikiwashwa. Sasa kila pembe ina kadi yake ndogo na zote zinazungumza na kompyuta ndogo ya katikati, ESP32, kwa CAN, mtandao wa waya wa magari. Hazijakatika tena.

Aprili. Shoki iliyofungwa angani

Kanuni tunayotumia inaitwa skaihuku. Waliiandika Karnopp, Crosby na Harwood mwaka 1974, na wazo lake ni la kitoto kwa uzuri wake: fikiria shoki imefungwa kati ya bodi na mbingu, si kati ya bodi na gurudumu. Barabara ifanye itakavyo chini, bodi inashikwa na kitu kisichotikisika. Mbingu haifungiki, basi unaigiza kwa shoki uliyo nayo. Bodi ikiwa inapanda na shoki inafunguka, kaza, kwa maana shoki inaivuta chini na ndicho unachotaka. Bodi ikiwa inapanda huku shoki inabanwa, legeza mpaka mwisho, maana sasa shoki inaisukuma bodi iende kulekule inakokwenda. Ikishuka ni vivyo hivyo kwa kugeuza.

Ugumu uko kwenye kujua bodi inakwenda kwa kasi gani. Kihisi kinatoa mchapuko. Kasi unaipata kwa kujumlisha, na kujumlisha kunabeba kila kosa dogo mpaka linakuwa kubwa. Gari likiinama digrii 5 tu kupanda mlima, kihisi cha wima kinapoteza 0.037 m/s² ya mvutano wa dunia. Si kitu. Lakini jumlisha kwa sekunde 5 na programu inaamini bodi inashuka kwa karibu mita 0.19 kwa sekunde, kasi ya tuta zima, na gari limetulia tuli. Kwa hiyo tunakata kila kitu kilicho chini ya Hz 0.3. Kinachobaki kinaaminika.

Siku ya kwanza barabarani, matuta yalikuwa tofauti kabisa. Bodi inapanda, inashuka, imekwisha. Ila kulikuwa na sauti, tak, tak, tak, kila kasi ya bodi ilipopita sifuri, na mtu aliyekaa nyuma alikuwa anaisikia mgongoni, si masikioni tu. Kukaza na kulegeza ghafla ni kipigo kivyake. Tumeweka ukanda karibu na sifuri ambamo mota haiguswi, na badala ya kuruka kutoka laini hadi ngumu inapanda ngazi zake. Tak imeondoka. Kabro imeshuka kutoka 1.1 hadi 0.95, nami nilitarajia zaidi.

Aprili. Kwa nini hatusukumi

Mpwa wangu aliuliza swali ambalo kila mtu huuliza: kwa nini tusiweke mota zinazosukuma kweli, zinyanyue gurudumu juu ya tuta na kulishusha shimoni? Shoki yetu inajua kuzuia tu. Haiwezi kuongeza nguvu.

Inafanyika. Lotus walilipeleka jambo hilo kwenye Formula 1, na mwaka 1987 Ayrton Senna alishinda Monaco na Detroit kwa gari la namna hiyo. Mwaka 1992 Nigel Mansell alichukua ubingwa na Williams FW14B, na kuanzia 1994 mifumo hiyo ikapigwa marufuku mashindanoni. Mercedes-Benz waliiuza kwa watu mwaka 1999 kwenye CL, kwa pampu na silinda za mafuta, ikishughulikia mwendo wa bodi hadi Hz 5. Amar Bose, yuleyule wa spika, alianza utafiti wake mwaka 1980, akaonyesha magari yenye mota za sumaku mwaka 2004, na gari lilipita matuta huku bodi imelala sawa. Halikufika sokoni, lilikuwa zito na ghali, na mwaka 2017 kazi hiyo ilinunuliwa na kampuni ya ClearMotion.

Kisha tukapiga hesabu ya kwetu. Kusukuma N 1,500 kwa mita 0.4 kwa sekunde ni wati 600. Magurudumu manne, 2,400, hata ikiwa ni kwa nukta chache. Alternata ya Ami ya ampea 80 ikitoa volti 14 ni wati 1,120, na humo kuna taa, feni na kiyoyozi ambacho abiria hakubali kizimwe. Mpwa wangu akafunga daftari. Mota zetu za kugeuza vijiti hazihitaji hata hiyo ya taa moja kubwa.

Mei. Jahazi

Bibi mmoja wa Bamburi, ambaye ndiye mlalamikaji mkuu na kwa hiyo ndiye mpimaji wetu bora, aliteremka akashika mlango kwanza. "Mwanangu, zamani gari lilikuwa lanipiga. Leo halinipigi, lakini laenda kama jahazi na kusi imeingia, na mimi jahazi sipandi."

Nilikwenda kwenye data. Kwenye mizunguko na kila dereva alipogusa breki, gari lilikuwa linainamisha pua polepole na kurudi polepole. Kiwango cha ISO kina sehemu yake kwa mwendo wa Hz 0.1 hadi 0.5, ule wa kutapisha, na huko ndiko kichujio changu kilikuwa kimeifanya programu kuwa kipofu. Kwa kanuni yetu gari lilikuwa halina kosa; tumbo la bibi lilikuwa na hesabu nyingine.

Dawa haikuwa kukishusha kichujio, maana ile kasi ya uongo ya mlimani ingerudi. Tumeongeza njia ya pili: jairo iliyomo kwenye MPU6050 inasema gari linainama au linalala upande kwa kasi gani, na swichi ya taa ya breki inasema dereva amekanyaga. Kikitokea kimoja kati ya hivyo, ugumu wa chini unapanda kwa sekunde moja au mbili, kisha unarudi.

Swichi hiyo ya breki ingekuja hata bila bibi. Kwa ugumu wa 600, gurudumu linaloruka mara 12 kwa sekunde lina asilimia 11 tu ya ugumu ambao ungelizuia lisiyumbe hata mara moja, na tairi linaloruka juu ya kabro iliyolowa halishiki. Sasa breki ikiguswa, au kasi ikizidi kilomita 80, shoki zote nne hazishuki chini ya 1,500. Hilo halijadiliwi, hata raha ikipungua.

Mei. Gurudumu la mbele lapeleka habari nyuma

Hapa ndipo mradi ulipopata faida yake, na wala si kwa kifaa kipya.

Kila kitu ambacho gurudumu la nyuma litakutana nacho, la mbele limeshakutana nacho. Kati ya eksli na eksli gari letu lina mita 2.6. Kwa kilomita 50 kwa saa, kwenye maungio ya Daraja la Nyali, nyuma inapigwa milisekunde 187 baada ya mbele. Kwa 30 ni milisekunde 312. Mota yetu inataka 60. Ile mota tuliyoilaumu kwa uzembe, kwa upande wa nyuma si zembe tena. Ina nafasi ya kufika mapema na kungoja. Ingechelewa tu kama gari lingekwenda kilomita 156 kwa saa, na hilo hata Dongo Kundu hakuna anayelifanya, au tuseme hapaswi.

Na abiria wetu amekaa wapi? Nyuma.

Programu inafanya hivi. Kihisi cha gurudumu la mbele kikisoma pigo linalozidi kiasi fulani, inachukua kasi kutoka kwenye kihisi cha breki za ABS, inagawanya mita 2.6 kwa kasi hiyo, inaondoa zile milisekunde 60 za mota, na kungoja. Muda ukifika, shoki ya nyuma ya upande uleule inalegezwa kabisa. Gurudumu linapanda tuta, bodi haipati habari kamili. Linapoanza kushuka upande wa pili shoki inakazwa, kuidaka bodi isifuate. Kushoto na kulia kila mmoja na hesabu yake, maana mashimo hayaji mawili mawili. Usukani ukiwa umekatwa, njia hii inazimwa: kwenye kona gurudumu la nyuma linapita ndani zaidi na pengine shimo halitaligusa.

Wastani haukuonyesha kitu cha kujivunia. Hiyo ni kasoro ya wastani: tuta moja ndani ya dakika nzima ya lami huyeyuka. Kiwango chenyewe kinatahadharisha kwamba kilele kikizidi wastani mara 9, wastani haufai peke yake, na kinatoa kipimo kingine kinachopandisha mchapuko kwa nguvu ya nne ili mapigo yasifichike. Tulipohesabu kwa njia hiyo, njia yenye matuta ilishuka kwa karibu theluthi moja kitini. Dereva hakusikia tofauti yoyote. Bibi wa Bamburi alimuuliza kama matuta ya Kisauni yameondolewa.

Tumejaribu pia kuitumia habari ya mbele kwenye kabro, kwa namna nyepesi: mbele ikiona mabonde mfululizo ya Hz 4 hadi 8, nyuma inashushiwa ugumu wa msingi mpaka lami irudi. Inasaidia, ingawa kidogo. Kabro ikawa 0.9.

Juni. Ami ashika zamu

Programu ilipogoma kushuka chini ya 0.9, Ami aliingia chini ya gari na nondo. Alitia nondo kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, akaubana, akaniita nitazame. Bushi, mpira wa kiungio chake, haikuwa na mchezo hata kidogo. Nikadhani ndiyo salama yake. "Mpira umekuwa jiwe," akasema. "Mpira kazi yake kujikunja. Huu haujikunji, wapeleka kila kitu juu. Wewe wahesabu mafuta, njia ingine iko wazi."

Alikuwa sawa, na unaweza kuliweka kwenye hesabu. Kwenye kabro mwendo wa shoki ni mdogo sana, milimita chache. Bushi iliyokauka inashikilia kwa msuguano mpaka nguvu iizidi, na mpaka hapo shoki haijasogea hata kidogo. Shoki isiyosogea haina ugumu wa kubadilisha. Unaweza kuipa amri yoyote.

Bushi zote za nyuma zimebadilishwa. Ami amezikaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, ili mpira usikae umejipinda siku nzima. Hilo mafundi wengi hawalifanyi. Tairi, ambazo dereva alikuwa akizijaza mno ili kubana mafuta, zimerudishwa kwenye presha iliyoandikwa kwenye nguzo ya mlango. Fundi wa viti wa jirani ametoa sponji ya zamani na kuweka nzito mpya. Alitaka kuweka laini zaidi, "ya wagonjwa", tukamkatalia: sponji laini ingezama mpaka chini.

Kabro ni 0.72. Kwa haki, sehemu kubwa ya kushuka huko kutoka 0.9 ni ya Ami na fundi wa viti, na gharama yao haikufika nusu ya mota na kadi zangu. Tulizima mfumo wote na kupita tena tujue: bila programu, na bushi mpya, ni 0.88, kutoka 1.1 ya Machi. Na kwenye matuta, ukizima, nyuma inapiga karibu vilevile kama Februari. Bushi hazijui tuta linakuja.

Mtu anayetaka kuanza mradi wa namna hii gerejini kwake aanze na mpira, presha na sponji, kisha apime. Baada ya hapo shoki za umeme zitakuwa na cha kufanyia kazi.

Juni. Hali ilivyo

Gari liko kazini kila asubuhi. Umeme ukikatika au ESP32 ikinyamaza, saketi ndogo ya pembeni inazirudisha mota zote kwenye hatua ya katikati. Tumeijaribu kwa kung'oa fyuzi gari likienda, Ami akiwa usukanini na akilalamika.

Shoki ya nyuma kulia imeanza kutoa jasho kwenye sili. Bado haijapoteza ugumu lakini haitamaliza mwaka, na pacha wake hapatikani kirahisi, kwa hiyo tunatafuta shoki zenye vali ya umeme badala ya mota. Hizo hujibu ndani ya milisekunde kumi hivi, na mbele ndiko zitakakosaidia zaidi, kwa kuwa mbele hakuna wa kuipelekea habari.

Swichi ya kuzima kila kitu iko chini ya dashibodi, mkono wa kulia wa dereva. Imeandikwa kwa rangi nyekundu, na dereva wa zamu ya mchana ameonyeshwa.